Stellenbosch: divai yenye jina la nkambo



Siku za harusi na za komunyo, meza nyingi za Lubumbashi zina chupa ya divai nyekundu iliyoandikwa «Stellenbosch». Chupa hizo zinatoka Afrika ya Kusini, zinapita Zambia kwa malori, zinaingia kwetu kupitia Kasumbalesa. Tunasoma bei, lakini jina la pahali tunaliruka. Juma hili twende tukapatazame.

Stellenbosch ni mji ulio kilometa karibu 50 mashariki ya Cape Town. Simon van der Stel, aliyekuwa mkubwa wa Waholandi kule Cape, aliuanzisha mwaka 1679 na kuupa jina lake mwenyewe. Una barabara zenye miti mikubwa ya mialoni, una universite, na pande zote kuna milima ya mawe. Chini ya milima hiyo, mizabibu imepandwa kwa mistari iliyonyooka kama madawati ya darasa.

Majira ya huko ni kinyume cha yetu. Kwetu Katanga mvua inaanza mwezi wa 11, na mwezi wa 6 na wa 7 ni kiangazi chenye baridi. Kule mvua inanyesha miezi hiyo ya baridi, na wakati zabibu zinaiva jua linawaka bila mvua nyingi. Upepo unaotoka baharini unapoza majani mchana. Udongo wa miteremko umetokana na mawe ya granite yaliyovunjika-vunjika kwa miaka mingi, na unatunza maji chini hata juu kukikauka. Mavuno yanaanza karibu na mwisho wa mwezi wa 1 na kuendelea mpaka mwezi wa 3 au wa 4.

Divai nyekundu za bei kubwa za pale, nyingi zinachanganywa kutoka kwa zabibu za aina mbalimbali. Cabernet Sauvignon inatoa nguvu na ule ukali unaokausha ulimi. Cabernet Franc inaleta harufu. Petit Verdot, hata ikiwa kidogo tu, inaongeza rangi nzito. Zabibu zinapondwa na kuachwa zichachuke pamoja na maganda yake, maana maji ya zabibu nyeusi nyingi hayana rangi: wekundu unatoka kwenye ganda. Kisha divai inalala ndani ya mapipa ya mwaloni miezi mingi, mara nyingine miaka miwili. Mchanganyaji anaonja pipa kwa pipa, anapima, anaunganisha, sawa na mama anayetafuta kipimo cha chumvi katika sombe.

Moja ya michanganyiko yenye sifa kubwa zaidi inatoka shamba la Kanonkop, chini ya mlima Simonsberg. Inaitwa Paul Sauer, jina la mwenye shamba wa zamani. Huyo Paul Sauer alikuwa pia mwanasiasa, baadaye waziri. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya chama chake iliyoandika mpango wa ubaguzi wa rangi, apartheid, kabla ya uchaguzi wa mwaka 1948. Divai ni nzuri, wajuzi wa dunia wameisifu. Lakini jina lililo juu ya chupa linatukumbusha namna inchi ile ilivyojengwa.

Mizabibu ya kwanza ilipandwa Cape mwaka 1655. Tangu mwaka 1658 watumwa walianza kuletwa kwa wingi, kutoka Angola na pwani ya Afrika ya Magharibi, baadaye Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Asia. Wao na watoto wao walilima mashamba hayo. Utumwa ulikatazwa mwaka 1834, lakini watumwa walilazimishwa kubaki kazini miaka mine tena. Hata baada ya hapo kulibaki desturi iliyoitwa «dop»: mfanyakazi anapewa kikombe cha divai mara kadhaa kwa siku, kama sehemu ya mshahara wake. Divai iliyopewa ilikuwa ile mbaya isiyouzika. Mtu anaamka, anakunywa, anakata zabibu, anakunywa tena, na jumamosi anaenda nyumbani na pesa kidogo na kiu kubwa. Sheria ilikataza desturi hiyo, lakini mashamba mengine yaliendelea nayo mpaka miaka ya 1990.

Waliolipa deni hilo ni watoto. Mama mwenye mimba akikunywa pombe, pombe inapita katika damu na kumfikia mtoto tumboni, inaharibu ubongo unaojengwa. Mtoto anazaliwa mdogo, na akifika shuleni anasahau leo alichojifunza jana, hawezi kutulia. Mwalimu anamwita mvivu, kumbe si uvivu. Ugonjwa huo hauponi. Mkoa ule wa mashamba ya divai ni kati ya pahali duniani penye watoto wengi zaidi wa namna hiyo.

Lakini udongo uleule umetoa habari nyingine. Ntsiki Biyela alilelewa na nkambo wake mwanamke, jina lake Aslina, katika kijiji cha KwaZulu-Natal. Alipomaliza sekondari alifanya kazi ya nyumbani kwa watu. Mwaka 1999 alipata msaada wa masomo, akaenda universite ya Stellenbosch kujifunza kutengeneza divai. Divai hakuwa ameionja hata mara moja. Masomo yalitolewa kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua. Sisi tuliosoma Kifaransa tukiwa na Kiswahili au Kibemba mdomoni tunaelewa mzigo huo. Alimaliza, na mwaka 2004 akaanza kazi: mwanamke mweusi wa kwanza katika inchi ile kuwa mtengenezaji mkuu wa divai. Baadaye alianzisha kampuni yake, akaiita Aslina. Mchanganyiko wake mwekundu, wenye aina zile tatu za zabibu nilizotaja, unaitwa Umsasane. Kwa Kizulu ni mti wa mgunga wenye kivuli kipana kama mwavuli. Ndilo jina la utani walilomwita nkambo yule.

Basi, chupa ikiwa mezani, tukumbuke mambo mawili. La kwanza: wengine kwetu wanasema divai nyekundu inaongeza damu kwa mama mwenye mimba. Si kweli. Ile rangi ni ya ganda la zabibu. Damu inajengwa na maharagi, matembele, nyama, na dawa ya chuma anayotoa muuguzi. Mwenye mimba asikunywe divai, asikunywe bia, asikunywe lutuku, hata kidogo.

La pili: binti anayefanya kazi jikoni kwa mtu leo, asihesabiwe kuwa amefika mwisho. Wapo kwetu, katika kila avenue. Tuulize wamefikia darasa la ngapi, na chama kione namna ya kuwarudisha.