Nyamisati na Brussels: nani anaulizwa?

Mwaka 2024 kura mbili zilifuatana kwa karibu. Tarehe 24 Novemba Waromania walipiga kura ya awamu ya kwanza ya urais. Tarehe 27 sisi Watanzania tukachagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Kule aliongoza Călin Georgescu, mtu ambaye kura za maoni hazikumpa nafasi, na TikTok ikatajwa kuwa ndiyo iliyombeba. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ikafuta uchaguzi mzima. Huku upinzani ulilalamika kwamba wagombea wake wameenguliwa kwa wingi, CCM ikatangazwa kuchukua vijiji karibu vyote, watu wakarudi shambani.

Kura hizo mbili zilikuwa bado kichwani nilipokata kushoto Bungu kwenda Nyamisati, mwishoni mwa msimu wa korosho, wiki kadhaa baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025. Barabara hiyo inapita kwenye mikorosho na minazi, halafu kabla hujaona maji unasikia harufu ya tope na chumvi. Nyamisati ni bandari ya kwenda Mafia, lakini kwa watu wa Delta ya Rufiji ni stendi. Boti za Mbwera na Kiongoroni zinangoja maji yajae. Saa haina kauli pale, bamvua ndiyo inayopanga ratiba. Kwa hiyo kuna kusubiri kwingi, na kwenye kusubiri ndipo simu zinapotolewa.

Kijana mmoja wa boti alituonyesha video ya mamba mkubwa kupita mtumbwi, akipanda ukingo wa mto na kumeza ndama. Maandishi yalisema ni Ndundu, Rufiji. Benchi zima likashtuka, isipokuwa mzee mmoja aliyezaliwa hukohuko Ndundu na aliyewavusha watu kwa miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Aliomba simu, akaisogeza mbali na macho, akatazama mara mbili.

"Mjukuu wangu, mamba huyu katoka majini hana tope hata kwenye kwapa. Na hayo majani ni ya uwanja wa mpira."

Sijasikia uchambuzi bora kuliko huo wa picha iliyotengenezwa na akili mnemba, na nimekaa kwenye kumbi za Ulaya ambako wataalamu walilipwa kuufanya. Lakini kijana hakukubali kushindwa. Akafungua nyingine, sauti peke yake: mwanasiasa mkubwa akisema jambo zito kuhusu kura. Hii je, babu? Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu. Sauti ya mkubwa huyo, alisema, ameisikia redioni tu, hawezi kuapa.

Tofauti hiyo ya mamba na mkubwa ndiyo iliyonirudisha Brussels.

Nilikuwa huko Juni 2024, wakati nchi 27 zinachagua Bunge la Ulaya kati ya tarehe 6 na 9. Mbele ya Bunge, Place du Luxembourg, vijana wenye vitambulisho shingoni walikunywa bia na kubishana juu ya sheria yao mpya ya akili mnemba. Bunge lilikuwa limeipitisha tarehe 13 Machi kwa kura 523 dhidi ya 46, mbiombio, kabla wabunge hawajatawanyika kwenda kampeni. Kwenye mabango ya kampeni sikuiona. Watu walibishania wahamiaji, bei ya umeme na vita vya Ukraine, na usiku wa tarehe 9 Macron akavunja Bunge la Ufaransa, habari nyingine zote zikafunikwa.

Sheria yenyewe inapanga mitambo kwa ukubwa wa hatari. Mtambo uliokusudiwa kuyumbisha matokeo ya uchaguzi au uamuzi wa mpiga kura umewekwa kwenye kundi la hatari kubwa. Video au sauti ya kughushi lazima iwekewe lebo ya wazi kwamba imetengenezwa. Ukikiuka makatazo makubwa kabisa, faini inafika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani kote, ipi kubwa. Mtunga sheria alikuwa anamtazama zaidi mwenye kiwanda na mwenye kuutumia mtambo kwa kazi yake.

Dakika chache kwa miguu kutoka pale ni Matonge, mtaa wa Wakongo, saluni zimebanana kama dagaa. Kinyozi mmoja wa Bukavu alinikata nywele huku akiicheka hofu ya majirani zake: "Bazungu bako naogopa mashini. Mama yangu kule aliingojea mashini siku muzima." Alikuwa anasema juu ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 20 Desemba 2023, ambao vituo vingi vilichelewa kufunguliwa kwa kukosa vifaa hata upigaji kura ukaongezwa siku. Kejeli yake ni ya haki, ila haikunitosha. Kwa sababu Slovakia, Septemba 2023, siku mbili kabla ya kura, ilisambazwa sauti ya kughushi ya Michal Šimečka, kiongozi wa chama kimoja kilichogombea, akionekana kupanga wizi wa kura. Ilitoka ndani ya saa 48 za ukimya ambazo sheria yao inazuia kampeni. Hata hivyo waandishi na wakaguzi wa habari waliifuatilia, wakasema ni ya uongo. Mzee wa Ndundu wa Slovakia naye asingeweza kuapa, ila alikuwa na mtu wa kumuuliza.

Kibiti, wilaya yenye Nyamisati, ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Kati ya 2015 na 2017 eneo hili liliishi na mauaji ambayo mpaka leo watu huyataja kwa sauti ya chini: waliuawa zaidi ya watu 30, wengi wao askari na viongozi wa vijiji, na tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa polisi 8 kwa mkupuo, upande wa Jaribu Mpakani. Uenyekiti wa kijiji, cheo kilekile tulichokipigia kura Novemba 2024, ulikuwa cheo cha kukukosesha usingizi. Aliyekuwa akiandika habari hizo kutoka hapahapa ni Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi na The Citizen. Alichukuliwa tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba Azory amefariki. Baadaye serikali ikasema hakueleweka vizuri. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa kupotea kwake.

Kwa hiyo lebo ya Brussels ningeipokea Kibiti kwa mikono miwili, lakini ningeiweka pembeni ya pengo hilo. Lebo inakwambia sauti imetengenezwa. Haikwambii nini kilitokea Jaribu.

Na nyumbani sheria inamtazama mtu mwingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamshika anayechapisha habari za uongo, kwa faini au kifungo cha kuanzia miaka 3. Yule kijana wa boti aliijua kwa namna yake: video ya mamba aliirusha kwenye grupu, sauti ya mkubwa hakuirusha. "Hii nikiituma nafungwa mimi," alisema. Mtambo ulioitengeneza hajui ni wa nani, wala hakuna anayeuuliza. Mei 2025 akaunti ya Polisi kwenye X ilidukuliwa ikatangaza uongo kwamba Rais amefariki. X ikazuiwa nchini. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Slovakia inawanyamazisha wagombea saa 48; sisi tulinyamazishwa wote, na habari za Dar zikafika Delta kwa boti, kila abiria na yake.

Ulaya nako wanarudi nyuma. Novemba 2025 Kamisheni ilipendekeza kuahirisha masharti ya mitambo ya hatari kubwa, makampuni yakilalamika kwamba mzigo ni mkubwa.

Nilimweleza kijana haya wakati maji yanaanza kusogelea ngazi. Aliuliza kama lebo hiyo itaonekana kwenye simu yake. Nikasema kampuni ikiiweka kwa ajili ya Wazungu, hakuna kinachoilazimisha kuionyesha Nyamisati. Na sisi, akauliza, hatuna yetu? Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nikasema, na Tume yake, inagusa hata uamuzi unaofanywa na mtambo. Lakini video ya mamba si taarifa binafsi ya mtu.

"Ya mamba sawa, kaka," alisema akifungua kamba ya boti. "Sauti ya mgombea je, si yake? Akiibiwa aende kwa nani, na sisi tuliodanganywa twende kwa nani?"