Hodi Nisiyoipiga

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikihadithia kwamba wakati wa korona nilimpelekea uji mwenzangu wa chumbani alipokuwa akiumwa. Ni kweli nilimpelekea. Lakini siku hizi kila nikiisimulia hadithi hiyo, sauti yangu hushuka.

Ilikuwa Machi 2020. Vyuo vimefungwa, dakhalia inamwaga watu, mabegi yanaburuzwa ngazini. Mwenzangu, mtoto wa Pemba, akashikwa na homa na kikohozi kabla hajapata boti. Hakupimwa. Mimi nikahamia chumba cha chini. Kila asubuhi nilipika uji wa mchele, nikautia kwenye chupa ya chai, nikaiweka mlangoni pake, nikashuka mbio. Siku tatu. Hodi sikupiga hata mara moja, nilimwandikia kwenye simu tu: "Uji upo nje."

Jioni nikiikuta chupa pale pale, imeoshwa. Siku ya nne, yeye keshakwenda bandarini Malindi, niliifungua nikakuta karafuu tatu ndani, ameziacha ili chupa isivunde. Nilizimimina kiganjani, nikasimama nazo muda mrefu.

Najitetea, bila shaka. Tuliambiwa tukae mbali, na kutenga wagonjwa hakukuanza na sisi: Changuu, kile kisiwa tunachokiona kutoka Forodhani, gereza lake la 1893 liligeuzwa karantini ya abiria wa meli. Agizo lilikuwa la busara, nami nililitii. Tatizo ni kwamba nililitii kupita kiasi. Tulikatazwa kusogeleana, sauti haikukatazwa. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba, ningemwuliza "waonaje hali?" akanisikia vizuri. Pengine niliogopa kumsikia akikohoa. Pengine niliogopa ataniambia niingie.

Juzi nilikwenda Mbweni, kwenye magofu ya skuli ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambako misheni ya UMCA iliwasomesha mabinti waliokombolewa utumwani, na baadhi yao wakawa walimu. Mkuu wao, Caroline Thackeray, alifika Unguja 1877, akaishia kuzikwa hapo hapo Mbweni mwaka 1926. Aliishi basi mpaka kuyapita mafua makubwa ya 1918, yaliyoletwa pwani yetu na meli kama maradhi mengi kabla yake. Nilikaa kivulini nikiwawaza mabinti wa zama zile, wasio na kwao kwa kurudishwa, ndui au homa inapoingia bwenini. Yupi alikaa na mwenzake? Yupi, kama mimi, alitafuta chumba cha chini? Nilitaka sana awepo mmoja mwoga, nisiwe peke yangu.

Kuta za mawe na chokaa zimebaki, paa halipo. Milango nayo haipo, ni uwazi mtupu. Nilijikuta nimesimama kwenye mmojawapo, hodi imenijaa mdomoni.

Usiku ule nilimpigia simu Pemba. Nikazungukazunguka, nikauliza watoto, nikauliza mvua, mwisho nikautaja uji. Akacheka.

"Ule uji wako, shoga, haukuwa na chumvi."

Kisha akanyamaza kidogo.

"Nilikuwa nikizisikia ndara zako," akasema. "Zikipanda polepole, zikishuka mbio."