Marangu, Wanakoniita kwa Jina la Dada

Umewahi kupokewa kwa furaha kubwa, kumbe anayefurahiwa si wewe? Mimi yalinikuta Desemba iliyopita pale Marangu Mtoni. Nashuka kwenye daladala ya kutoka Himo, begi mkononi, sweta begani, mara bibi mmoja muuza nyanya ananyanyuka kwenye kigoda chake.

"Shimboni, mae!"

Nikaitikia. Akaniita kwa jina la dada yangu. Akaniuliza kama ng'ombe ameshazaa. Halafu, kwa upole kabisa, akanikumbusha kwamba nina deni lake la nyanya, elfu mbili.

Nilitaka kumwambia, bibi, mimi siye, mimi ni yule mdogo wa Dar. Badala yake nikafungua pochi nikalipa. Yaani nimelipa deni la mtu ambaye nilikuwa sijazungumza naye kwa miaka minne!

Njia ya kupanda

Kutoka Dar es Salaam mpaka Himo ni safari ya kutwa nzima. Asubuhi uko stendi ya Magufuli kule Mbezi, mchana unakula Korogwe, alasiri milima ya Upare iko kulia kwako na vumbi la Same liko kwenye nywele zako. Mwezi wa Desemba ndio usiseme. Wachagga wote tunarudi nyumbani, na kupata siti ni kama kushinda bahati nasibu.

Ukishashuka Himo, dunia inabadilika. Barabara inapanda, masikio yanaziba, hewa inapoa. Mahindi ya tambarare yanabaki nyuma na migomba inaanza. Huku kila familia ina kihamba chake: juu miringaringa mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa maharage na magimbi. Katikati unapita mfongo, mfereji waliouchimba mababu kuleta maji kutoka juu mlimani. Mtu akifika mara ya kwanza anadhani ni msitu. Kumbe yuko uani kwa watu.

Mawingu yakifunguka unaviona vilele viwili: Kibo, chenye mita 5,895, kimetulia na theluji yake inayozidi kupungua, na Mawenzi, chenye mita 5,149, kimechongoka kama meno ya msumeno. Hadithi yao inasimuliwa kwa namna nyingi. Sisi tuliambiwa ni ndugu. Mawenzi moto wake ulikuwa ukizimika, anakwenda kuomba kaa kwa Kibo. Alipozidisha kuomba, Kibo akakasirika akampiga kwa mchi, ndiyo maana mpaka leo ana mapengo. Utotoni tulicheka. Safari hii nilipoviona vile vilele, sikucheka.

Shingo moja

Mimi na dada tumepishana miaka miwili. Watu walikuwa wakisema tunafanana kama shilingi kwa ya pili. Paji la baba, mwanya wa mama. Kuna picha tuliyopigwa studio Moshi mjini tukiwa na magauni ya kitambaa kimoja. Mpaka leo mimi mwenyewe nikiitazama haraka najikosea.

Wataalamu wanasema ndugu wa baba na mama mmoja wanachangia kwa wastani nusu ya vinasaba vyao. Sawa. Lakini vinasaba haviwezi kueleza kwa nini sote tukipanda mlima tunalaza kichwa kidogo kushoto. Hiyo ni kazi ya majani.

Nyumbani ng'ombe hachungwi, analetewa chakula bandani. Kwa hiyo tukitoka shule tunashuka bondeni kukata majani, tunafunga mzigo, tunaweka ngata kichwani, tunapanda nao. Dada mbele, mimi nyuma. Nikichoka, anatua wake, anachomoa majani kwenye wangu na kuongeza kwenye wake. Hasemi kitu. Tukifika mama anapima mizigo kwa macho, anatabasamu, anatupa mtori wa moto. Sweta lilikuwa moja la kwenda nalo shule: likimbana dada, linakuwa langu.

Kahawa ndiyo iliyotusomesha, mpaka bei ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 2000 na majirani wengine wakang'oa mibuni. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi Dar. Dada aliolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani. Kitinda mimba wetu, ambaye kwa mila ndiye mrithi wa nyumba, yuko Mwanza kikazi. Basi mama alipopata kiharusi, aliyekuwepo ni dada. Miaka mitatu.

Neno la msibani

Mimi nilikuwa natuma hela. Kila mwisho wa mwezi, bila kukosa. Na siku ya tatu ya msiba, mbele ya mashangazi, nikafungua mdomo: "Hela zote nilizotuma zilikwenda wapi?"

Dada hakupandisha sauti. Akasema, "Hela haimgeuzi mgonjwa kitandani." Akaingia jikoni. Kesho yake nilipanda basi bila kuaga, na hapo ndipo simu zilipokatika.

Miaka minne nilijiambia kwamba nimetukanwa. Lakini yule bibi wa nyanya aliponitazama usoni akamwona dada, kitu kikanigonga. Tumefanana kwa sababu mzigo wa majani tuliubeba wote. Mzigo wa mama aliubeba peke yake, na mimi nikamwomba risiti.

Jani la isale

Kwenye mipaka ya vihamba vyetu kumepandwa isale, mmea wa majani marefu ya kijani. Mchagga aliyekukosea akikuletea jani la isale, kimila huwezi kumkatalia msamaha. Nikachuma moja pale getini. Miguu inatetemeka, mtu mzima mimi!

Dada alikuwa bandani anakatakata mgomba wa ng'ombe. Akaniona, akaliona jani. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea kwa mikono miwili, akalichomeka juu ya mlango.

"Umekata nywele," akasema. "Sasa umekuwa mama mtupu."

Nikalia. Naye akalia. Tulipomaliza nikamwambia nimemlipia deni la nyanya. Akanikodolea macho: "Deni gani? Nilimlipa juzi!" Tukaanza kucheka, kile kicheko cha mama cha kushika mbavu, mpaka ng'ombe akageuka kutazama.

Sikudanganyi kwamba yote yameisha siku ile. Kuna mambo bado tunayazungumza polepole, jioni, tukimenya ndizi. Lakini wahenga walisema: ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Kama una ndugu usiyezungumza naye, jitazame kwenye kioo asubuhi. Huenda yumo humo.

Kesho yake tuliteremka pamoja mpaka Mtoni. Bibi akanitazama mimi, akamtazama dada, akashika kinywa. Bila kuambiwa chochote akatupimia nyanya za elfu mbili.

Ukitaka kwenda Marangu

Panda basi la Moshi au Arusha, shuka Himo, kisha daladala mpaka Marangu Mtoni. Maporomoko ya Kinukamori si mbali, unafika kwa miguu. Omba mwenyeji akuonyeshe kahawa inavyokobolewa, kukaangwa na kutwangwa palepale nyumbani. Onja mtori na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ila mbege usiiamini kwa utamu wake. Juni na Julai baridi ni kali, beba sweta. Ukisalimiwa "Shimboni", usikae kimya. Ukihudumiwa vizuri, sema "Aika". Na ukiitwa kwa jina la ndugu yako, itika.