Nembo Usoni mwa Bibi

Liko jambo lililonilemea moyoni siku nyingi, nami nataka kulieleza katika gazeti letu, huenda likamfaa mwingine.

Bibi yangu alikuwa Mmakonde, mzaliwa wa uwanda wa juu wa Mueda katika Msumbiji. Vita vilipoanza huko mwaka 1964, alivuka mto Ruvuma akaja kukaa upande wetu. Uso wake ulijaa chale tangu paji hata kidevu. Ilipokaribia siku ya kubatizwa kwake, mimi nilikuwa mwalimu kijana, tena wageni wa mjini walikuwa wakitazamiwa. Nikamwomba afunike uso kwa ushungi, maana niliona haya. Nikamtajia na Mambo ya Walawi, mlango wa 19, palipokatazwa kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kujiandika alama.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wajua kusoma?"

Nikajibu, "Najua, bibi."

Akasema, "Basi, mbona hujui kunisoma mimi?"

Ndipo akaanza kunifundisha. Fundi wa kazi hiyo alikata ngozi kwa kichuma kiitwacho chipopo, akapaka masizi ya mbegu za mbarika. Kidonda kilipopona, rangi ilibaki ndani ya ngozi, nyeusi yenye kuelekea buluu. Na kazi ikarudiwa hata rangi ikakolea. Aliyevumilia alisifiwa kwa ushujaa wake, na popote aendapo alijulikana kuwa ni Mmakonde. Hata vinyago vya mapiko, vivaliwavyo katika ngoma, vilitiwa alama kama hizo kwa nta ya nyuki. Kwa Kimakonde huitwa dinembo, nalo ni ndugu wa neno letu nembo. "Wala sikuchanjwa kwa ajili ya wafu," akasema, "nilichanjwa nijulikane kwetu."

Siku ilipofika, bibi aliingia kanisani uso wazi. Padre akamtia alama ya msalaba katika paji lile lile, juu ya chale zake, wala alama hii haikuifuta ile. Mimi nikainamisha kichwa.

Desturi hiyo sasa karibu imekwisha. Chama cha Frelimo, kilichoundwa mwaka 1962, kiliwahimiza watu waiache, na leo chale hizo huonekana hasa katika nyuso za wazee. Sisemi tuirudie, tuwakate watoto wetu. Maumivu yake ni makali, na chuma kichafu huleta maradhi. Nasema tu kwamba tusiwaonee haya waliotuzaa.

Maana nilichelewa. Bibi alinieleza chale za paji na za mashavu. Za kidevu nilisema nitamwuliza siku nyingine. Siku hiyo haikuja. Alizikwa nazo, wala hakuna tena wa kunisomea. Basi, wewe mwenye mzee nyumbani, umwulize leo.