Kwa Baiskeli Hadi Mombasa Kutafuta Habari za Kismayu

Wenzetu wengi wamekwisha kutueleza katika gazeti hili safari zao za likizo, na kila mmoja wao alielekea kule alikotaka kukuona. Safari yetu sisi ilikuwa kinyume. Tulitaka kupata habari za Kismayu na Visiwa vya Wabajuni, navyo viko kaskazini. Lakini tulipanda baiskeli zetu tukaenda kusini, mpaka Mombasa. Sababu yake nitaieleza.

Mama yangu ni Mbajuni wa kisiwa cha Chula, ambacho wengine hukiandika Tula. Ni kimoja katika mfululizo wa visiwa vilivyojipanga mbele ya pwani ya Somalia, kuanzia Kismayu kushuka hadi Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Baba ni Mbajuni pia, lakini wa Faza, katika visiwa vya Lamu, na mimi nimezaliwa Malindi. Bibi yangu mzaa mama alikuja Kenya kwa mashua mwaka 1992. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, na watu wenye bunduki wakawa wanaingia visiwani na kupora mashua, nyavu na chakula. Tangu siku hiyo bibi hajarudi kwao. Na kwa ajili ya vita vya miaka mingi, njia ya nchi kavu ya kupita Kiunga si njia ya vijana wa baiskeli.

Dada yake mkubwa, ambaye sisi humwita Bibi Mkuu, anakaa Kisauni, Mombasa. Amemzidi bibi kwa miaka kumi na minne, naye ndiye aliyebaki katika ukoo wetu anayeijua Chula sawasawa. Simu haimfai kitu, maana masikio yake yamechoka. Hana budi mtu kukaa karibu naye na kupaza sauti. Basi mwezi wa Julai 2024 bibi aliniita akaniambia, "Mjukuu wangu, dada yangu akiondoka, kisiwa chetu kimeondoka naye. Nenda na daftari lako umwandike. Na umuulize jambo moja: mama yetu alizikwa upande gani wa kisima? Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikupelekwa."

Likizo ya Agosti ilipoanza tukawa watatu: mimi, rafiki yangu mmoja Mgiriama, na mwingine Mpokomo wa Mto Tana. Baiskeli zetu zilikuwa nyeusi, nzito, za chuma, zile watu huziita Black Mamba. Kwenye keria tulifunga mablanketi, pampu, viraka na gundi, chupa za maji, mihogo ya kuchemsha na daftari langu nililolitia ndani ya mfuko wa plastiki. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kiasi cha kilomita 120, nasi tulikata shauri kuzigawa kwa siku mbili.

Tuliondoka baada ya alfajiri. Agosti ni wakati wa kusi, na kusi huvuma kutoka kusini; kwa hiyo upepo ulitupiga usoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Mahali tambarare tulikanyaga kana kwamba twapanda mlima. Rafiki yangu Mpokomo akasema, "Upepo huu hautaki tufike." Nikamjibu kwamba mabaharia wa Kibajuni waliupenda mno, kwa kuwa ndio uliowapeleka Kismayu, kisha wakangoja kaskazi iwarudishe.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Gede. Mji huu wa mawe uliachwa na watu wake katika karne ya 17, ukamezwa na msitu. Mtaalamu James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwezi wa Julai 2024, wiki chache tu kabla ya sisi kufika, UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Tuliona msikiti mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Lakini mimi nilivutwa zaidi na visima. Ni vingi, na baadhi yao vilichimbwa tena kwenda chini zaidi. Wataalamu wengine hudhani maji yalikuwa yakikimbia chini, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuhama. Nikafahamu kwa nini bibi hakuniuliza habari za nyumba wala za msikiti, bali za kisima. Pwani yetu, penye maji matamu ndipo penye mji.

Tukaendelea, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wetu wa kulia. Karibu na Matsangoni gurudumu la nyuma la Mgiriama lilipata pancha. Tulikaa chini ya mwembe tukatoa tyubu, tukaitia ndani ya beseni tuliloazimwa na mama mmoja ili tuone mapovu yanatokea wapi, tukabandika kiraka. Hapo ndipo mazungumzo yalipoingia Shungwaya. Rafiki yangu alisema kwamba wazee wake Wagiriama, pamoja na Wamijikenda wote, husimulia kuwa walitoka Shungwaya, huko kaskazini. Nikamwambia kwamba na Wabajuni nao huitaja Shungwaya, na kwamba wengi huiweka karibu na Burgabo, kusini ya Kismayu. Wataalamu wa historia hawajapatana juu ya jambo hili. Hata hivyo Mgiriama alicheka akasema, "Kumbe hatumtafutii bibi yako peke yake. Na mimi naulizia kwetu!" Tangu hapo hakulalamika tena habari za upepo.

Jioni tulivuka daraja la Kilifi, tukalala kwa ndugu wa Mgiriama. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Zamani watu walivuka kwa feri. Nilisimama katikati nikatazama maji chini, nikawaza kwamba mwaka ule ule hapa watu walipata njia ya kupita kwa raha, na Kismayu watu walianza kutafuta njia ya kukimbia.

Siku ya pili tulipita mashamba ya katani ya Vipingo, tukavuka Mtwapa, na kabla ya magharibi tukafika Kisauni, miguu ikitetemeka. Bibi Mkuu alikuwa amekaa barazani. Nikambusu mkono, nikapaza sauti, "Shikamoo, bibi!" Akanishika kichwa akasema, "Marahaba. Mume wangu amekuja, na vumbi lote la Malindi amelileta." Majirani wakacheka. Usiku ule hakutaka kuulizwa lolote. Alisema mgeni kwanza hula, kisha hulala, na kesho yake tuende tukauone mji, maneno yatafuata.

Asubuhi tukavuka daraja la Nyali kuingia kisiwani Mombasa. Daraja hili ni la mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na daraja la kuelea tangu 1931. Magari yalikuwa mengi, kwa hiyo tulishuka tukazikokota baiskeli mpaka Mji wa Kale, tukaziacha kwa fundi mmoja aliyekubali kuzilinda na kukaza minyororo yake.

Ngome ya Yesu, Fort Jesus, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela, na mwaka 1960 ikawa makumbusho. Kuta zake ni nene mno, na juu yake mizinga ingali yaangalia bahari. Tuliona vitu vilivyotolewa katika jahazi la Kireno Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira. Mazingiwa hayo yalianza Machi 1696 yakaisha Desemba 1698. Njaa na tauni viliwaua watu wengi ndani. Na hapa, wasomaji, nilikumbuka jambo alilotufundisha mwalimu wetu wa historia: kwamba miongoni mwa waliokuwa wakiilinda ngome, Wareno walipokwisha kupukutika, alikuwa Sheikh Daud wa Faza pamoja na jamaa zake. Faza ni kwa baba yangu! Nilikuwa nimedhani kwamba ngome ile ni habari ya Wareno na Waarabu tu. Nikasimama pale ukutani kwa muda mrefu, mpaka wenzangu wakaniita.

Kisha tukapita vichochoro vya Mji wa Kale, penye milango ya nakshi na harufu ya kahawa, tukateremka mpaka bandari ya kale. Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha alikuwa akizungumza na wachukuzi. Tulipomwambia tumetoka Malindi kwa baiskeli dhidi ya kusi, alishangaa akasema, "Chombo chenye akili hakiendi hivyo. Mngetia tanga, mngefika Kismayu."

Usiku baada ya chakula Bibi Mkuu akasema, "Haya, toa daftari lako." Mimi niliketi kwenye sikio lake la kulia nikiuliza kwa sauti kubwa, wenzangu wakishika taa, maana umeme ulikuwa umekatika.

Kwanza alinitajia visiwa kwa mpango, kama mtu anayesafiri: Kismayu, Koyama, Ngumi, Chovai, Chula, na vingine vidogo mpaka Ras Kiamboni. Alisema jina la Kismayu wazee walilieleza kuwa ni "kisima yuu", yaani kisima cha juu. Maana sisi watu wa kaskazini husema yuu, si juu. Akaeleza uvuvi wa kasa kwa samaki chazo, yule mwenye kibandiko kichwani. Mvuvi humfunga kamba mkiani akamwachia baharini. Chazo humfuata kasa akajibandika mgongoni mwake, na mvuvi akavuta polepole. Kazi hiyo imeelezwa hata katika kitabu cha Mtaliano Vinigi Grottanelli, kilichochapishwa mwaka 1955. Leo kasa wanalindwa kwa sheria, na ni vyema, lakini ujuzi ule wafaa ukumbukwe.

Akasema kwamba baba yake, ujanani, alikwenda Kismayu na Lamu bila kuulizwa neno, kwa sababu palikuwa chini ya serikali moja. Ni kweli. Jubaland yote, pamoja na Kismayu, ilikuwa sehemu ya Kenya mpaka mwaka 1925, Waingereza walipowapa Wataliano. "Baba yangu ni mkubwa kuliko mpaka," alisema Bibi Mkuu.

Halafu akafika kwenye kuhama: mashua iliyojaa watu, kambi ya Wabajuni huko Jomvu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi kufungwa na wengi kurudishwa visiwani. Mjomba wangu mmoja yeye alikwenda Uingereza. Huko alikalishwa mbele ya maofisa wakamwuliza: Visiwa ni vipi? Kipi kiko kaskazini ya kipi? Maji mlichota wapi? Maana Wabajuni wengi waliulizwa hivyo huko Ulaya ili ijulikane kama kweli ndio wenyewe. Mjomba hakuwa na karatasi hata moja. Lakini alikuwa amekua magotini pa Bibi Mkuu, akayataja yote bila kusita, naye akakubaliwa. Kusikia hayo, kalamu yangu ikaenda mbio zaidi.

Mwisho nikauliza lile swali. Bibi Mkuu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Upande wa kusi wa kisima, penye mkwaju. Mwambie mdogo wangu nilipanda jiwe kichwani pake kwa mkono wangu." Nikaandika maneno hayo kama yalivyo, nikayapigia mstari.

Kurudi kulikuwa raha. Kusi ile ile iliyotutesa sasa ilitusukuma mgongoni, na kutoka Kilifi hadi Malindi hatukuhesabu hata kilima kimoja. Bibi aliponisikiliza hakulia kama nilivyoogopa. Aliniomba nisome mara ya pili, kisha akaniuliza kama dada yake bado apenda kahawa isiyo na sukari.

Wenzangu, mkitaka kusafiri kwa baiskeli, chukueni viraka zaidi ya mnavyodhani, ondokeni mapema kabla ya jua, na mwulize baharia upepo wavuma wapi. Na kabla hamjaondoka, mwulizeni mzee mmoja wa nyumbani kwenu majina ya visima, ya mashamba na ya makaburi, myaandike pamoja na jina la aliyewaambia. Kuna miji ambayo leo hatuwezi kufika kwa gurudumu wala kwa tanga, lakini njia ya kupita kwa wazee ingali wazi, nayo haitakuwa wazi siku zote.

Daftari langu nimelinakili mara mbili. Nakala moja iko kwa bibi, Malindi, na moja nimempa mtunza maktaba wa shule yetu. Mwanafunzi yeyote wa zamani aliyewahi kukaa Kismayu, Koyama au Chovai na aone palipo kosa au pengo, namwomba alisahihishe. Mwishoni nimeacha kurasa ishirini tupu.