Ile Breki Niliyowaonyesha

Mwaka jana niliweka video ya sekunde 50. Nilikuwa kwa gereji ya jua kali hapa Migori, nawaonyesha vile nimetoa breki ya dramu ya nyuma kwa nduthi yangu na kuweka diski na kalipa. Muziki mkali, cheche za kuchomelea zinaruka vizuri mbele ya kamera, kisha mimi mwisho kabisa: "Sasa tuko tayari kwa resi!" Ilitazamwa kuliko video zangu zingine zote. Wiki iliyopita nimeifuta. Wengi mmeniuliza kwa nini, kwa hivyo leo najibu.

Nianze na chenye sikusema. Nduthi nyingi za boda huku kwetu zinatoka kiwandani na dramu nyuma. Ukikanyaga breki, shuu mbili zinatanuka ndani na kusugua ukuta wa dramu. Sahani inayobeba hizo shuu inataka kuzunguka pamoja na gurudumu, lakini kuna mkono wa chuma unaoifunga kwa swingamu isiende popote. Hakuna mtu hupiga picha huo mkono, na ndio unabeba kazi. Ukiweka kalipa, mzigo uleule unahamia kwa breketi inayoishikilia. Kama breketi imechomelewa pointi mbili tatu tu, siku utakanyaga kwa nguvu itang'oka. Kalipa itavutwa na diski mpaka iingie kwa spoki, na gurudumu litaganda hapo hapo.

Yangu haikung'oka. Jioni ya siku ile, kamera ikiwa imezimwa, fundi aliitisha nduthi tena. "Kijana wangu, hii ya asubuhi ilikuwa ya picha," akaniambia. "Acha sasa nikufanyie ya barabara." Akasaga ile ya kwanza yote, akakata chuma kinene zaidi, akaongeza mkono wa kuizuia. Masaa mawili. Nilikuwa nimechoka na simu haina chaji. Sikurekodi.

Mwezi jana nikapata ujumbe kutoka Homa Bay. Kijana amemaliza fom foo juzi tu, na alikuwa amefanya kila kitu kama kwa video. Kila kitu nilichoonyesha, yaani. Jumapili wakashindana na maboyz wake kwa ule mteremko wa kutoka Rodi Kopany kuelekea mjini. Breketi ikakatika. Alivunjika mkono, na ngozi ya paja ikabaki kwa lami.

Nilipanda matatu, nikabadilisha Rongo, nikaenda kumwona. Mamake alinikaribisha chai. Hakunigombeza, na manze ningependa angenigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Hapana, Mama. Mimi ni wa video tu."

"Yeye hukuitanga mwalimu."

Sasa wale wa "lakini resi zinahitaji breki kali," omera, nisikilize. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Nyuma kunakuwa kwepesi, kwa hivyo breki kali huko inafanya tairi iteleze mapema. Kazi kubwa ya kusimamisha iko mbele. Ya nyuma, wanaojua resi huitumia kwa upole, kutuliza pikipiki na kuielekeza kwenye kona. Diski yangu ya nyuma haikunipa spidi hata kidogo. Ilinipa picha.

Kuna mtu aliyebadilisha breki ya nyuma akiwa na sababu. Mick Doohan wa Australia aliumia vibaya mguu wa kulia kule Assen mwaka 1992, na breki ya nyuma hukanyagwa na mguu huo. Akatengenezewa ya kubonyeza kwa kidole gumba. Alishinda ubingwa wa dunia wa 500cc mara 5 mfululizo, 1994 hadi 1998. Yeye alikuwa na shida, na breki ikaitatua. Mimi shida yangu ilikuwa watazamaji.

Na yeye alikimbia kwa uwanja uliofungwa. Sisi tunakimbia barabara moja na trekta za miwa za Awendo, ng'ombe, na watoto wanatoka shule. Sijawahi kuona uwanja wa pikipiki Migori wala Homa Bay, na hiyo ni kelele ninayofaa kuwapigia viongozi wetu. Lakini kukosa uwanja hakufanyi barabara ya watu kuwa uwanja.

Nimerudisha dramu. Kama wewe lazima uweke diski, tafuta gurudumu, swingamu na breketi zilizotengenezwa ziendane, toa hewa yote kwa mfumo wa mafuta ya breki, halafu ijaribu polepole mahali hakuna watu. Na muulize fundi swali moja: hii ni ya picha ama ya barabara?

Nimeweka video mpya. Dakika 11, hakuna muziki, ni yule fundi tu akieleza huo mkono wa chuma na kwa nini alirudia kazi. Imetazamwa na watu wachache sana. Mmoja wao ni kijana wa Homa Bay, akiwa bado na plasta. Aliandika, "Mwalimu, mbona hukuanza na hii?"

Bado sijamjibu.