Shajara ya Msimu wa Mpira

20 Agosti 2024, Columbus, Ohio

Mechi ya kwanza imekwisha, sare ya 1–1. Mwanangu kaanza beki ya kushoto na kacheza vizuri. Ratiba nimeibandika kwenye mlango wa friji. Shule mbili humo ni za Kikatoliki, za kulipia, na baba watoto kazizungushia duara jekundu. "Hizi ndizo zitakazotuumiza, mama," kasema.

Mwaka huu OHSAA, chama cha michezo ya sekondari cha Ohio, kimeongeza madaraja ya soka kutoka matatu hadi matano. Daraja hutokana na idadi ya wanafunzi, na shule za serikali na za binafsi hugombea kombe moja. New Jersey mambo ni tofauti: wote wako chama kimoja, lakini ikifika hatua ya mtoano shule za binafsi zina kombe lao. Texas shule nyingi za binafsi zina chama chao kabisa. Wazazi wengi ninaokaa nao jukwaani wanataka na sisi tutenganishwe. Mimi nataka kwanza kujua tunazidiwa kwa kitu gani hasa.

7 Septemba

Tumefungwa 2–0 na mojawapo ya zile za duara jekundu. Naandika usiku huu huu, kabla hasira haijanipangia maneno.

Hadi kipindi cha pili kilipofika katikati hakukuwa na bao. Sekondari za huku hucheza vipindi viwili vya dakika 40, na mchezaji akitolewa anaruhusiwa kurudi uwanjani. Mechi iliamuliwa hapo. Kila baada ya muda kocha wao aliwainua watano kwa mpigo, wakasimama mstarini kungoja mpira utoke, wakaingia. Ukiwatazama huwezi kujua nani wa kuanza na nani wa akiba. Winga aliyekuwa akimkimbiza mwanangu alipumzishwa mara tatu, akarudi kila mara na pumzi mpya. Mwanangu hakupumzika hata dakika moja. Benchi letu lilikuwa na vijana wanne: wawili wa darasa la tisa, na mmoja kifundo cha mguu kimefungwa bandeji. Bao la kwanza lilipita upande wa mwanangu. Alikuwa ameinama, mikono magotini, anatafuta hewa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: walitupita kwa mpira, si kwa ujanja. Lakini benchi la namna ile hujengwa kwa miaka mingi katika klabu za kulipia, ambako ada na safari hufika maelfu ya dola kwa mwaka. Kwetu kuna kijana anayeacha mazoezi nusu akawachukue wadogo zake shuleni, na kuna mwingine anayefanya zamu ghalani wikiendi nzima.

19 Septemba

Nimemkuta kocha akikusanya koni, nikamwuliza kama sheria inaiona tofauti hii ya benchi. Alinieleza kwa utulivu.

Mwaka 2011, 2012 na 2013 wakuu wa shule za Ohio walipigia kura mapendekezo ya kusawazisha ushindani, na mara zote tatu yalianguka. Mwaka 2014 pendekezo jipya likapita, likaanza kutumika 2017. Halihesabu wanafunzi wa shule nzima peke yao, linaangalia orodha ya wachezaji. Kwa shule ya serikali, mchezaji ambaye wazazi wake wanaishi nje ya wilaya ya shule huongeza hesabu inayopanga daraja. Kwa shule ya binafsi, anayeongeza ni yule ambaye hakupitia shule za chini zinazoilisha sekondari hiyo. Shule yenye wachezaji wengi wa kutoka nje huweza kupandishwa daraja.

Majimbo mengine yana njia zao. Illinois, tangu 2005, huzidisha kwa 1.65 idadi ya wanafunzi wa shule zisizo na mipaka ya eneo, zikiwemo baadhi ya shule za serikali za Chicago. Indiana wanatazama matokeo: shule ikishinda sana kwa miaka miwili, inapanda.

Napenda mawazo ya Ohio kuliko ya wengine, kwa sababu yanamtazama mtoto aliyevaa jezi. Lakini nilimwambia kocha kwamba hesabu hii inauliza mtoto ametoka wapi, haiulizi amefikaje pale. Aliyelelewa na klabu ya dola elfu kadhaa na aliyejifunzia mpira kwenye maegesho ya magari wote huhesabiwa mtu mmoja. Kocha akajibu, "Mama, hilo hakuna chama kinachojua kulihesabu." Labda. Basi lisemwe wazi kwamba halijahesabiwa, kuliko kujifanya tumeshasawazisha.

3 Oktoba

Kiungo wetu bora wa darasa la kumi atahamia shule ya binafsi mwakani. Mama yake, mtu wa Uvira, Kongo, kaniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa wengine. "Dada, usinichukie. Nimepata ile pesa ya serikali."

Anazungumzia vocha ya EdChoice, inayolipia ada ya shule ya binafsi. Mwaka 2023 Ohio ilifungua vocha hizo kwa karibu kila familia. Kwa sekondari, mwaka wa masomo 2023–24, kiwango cha juu kilikuwa dola 8,407 kwa mtoto. Kwa hiyo ile hoja ya jukwaani kwamba wao wanajilipia na sisi tunalipiwa na kodi haisimami tena. Kodi yangu mimi nayo inasomesha huko.

Siwezi kumlaumu. Madarasa yao ni madogo, na mwanawe anataka kusomea uhandisi. Mtoto mwenyewe atalipa gharama yake: anayehama baada ya kuanza sekondari kwa kawaida hukosa nusu ya pili ya msimu pamoja na mtoano. Shule hazitakiwi kumvuta mtoto kwa sababu ya mpira wala kumpa msaada wa ada kwa kipaji chake. Lakini anayeingia darasa la tisa huchagua atakako, hazuiwi. Hivyo mwenye habari na mwenye gari huchagua mapema, na sisi tuliofika nchi hii mtoto akiwa na miaka kumi na tano tunazijua taratibu zikiwa zimeshatupita.

13 Oktoba

Kaka amepiga simu kutoka Tanga. Yeye ni mwalimu, na amewahi kusafiri na timu za UMISSETA, mashindano ya michezo ya sekondari za Tanzania. Nilipomweleza habari zetu alistaajabu. Kwao watoto huchujwa kutoka shuleni hadi wilayani, kisha mkoani, na kinachokwenda taifa ni timu ya mkoa. Mtoto wa seminari na wa shule ya kata huvaa jezi moja ya Tanga. "Huko kwenu shule ndiyo taifa," akaniambia.

Nimelitafakari neno lake. Mfumo wa nyumbani nao una kasoro zake, maana mtoto wa shule ya mbali anaweza asionwe na mchaguzi yeyote. Ila faida moja kubwa unayo: shule tajiri haipati kombe kwa kuwakusanya wenye vipaji. Ikimkuza mtoto, mkoa mzima unafaidi.

24 Oktoba

Tumetolewa. Na hawakuwa wale wa duara jekundu. Ni shule ya serikali ya kitongoji chenye pesa, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwetu. Tatu bila. Uwanja wao una nyasi bandia, wana kocha wa makipa peke yake na benchi refu kama la Wakatoliki. Basi letu lilichelewa kwa kukosa dereva, vijana wakapasha misuli dakika chache tu.

Hili ndilo wazazi wanaotaka tutenganishwe hawalisemi. Shule za Ohio zinategemea sana kodi ya majengo, na penye nyumba za bei kubwa pana shule yenye mali. Mwaka 1997, katika kesi ya DeRolph, Mahakama ya Juu ya Ohio ilisema utaratibu huo wa fedha unakwenda kinyume na katiba ya jimbo. Bado tunaishi na matokeo yake. Tukizitoa shule za binafsi kwenye kombe, bingwa atakuwa wa vitongoji hivi, na tutaambiwa sasa mashindano ni ya haki.

10 Novemba

Msimu umekwisha, na msimamo wangu umetulia.

Kuna watu hunitajia Lewiston, Maine, kama dawa ya malalamiko. Ni shule ya serikali iliyojaa watoto wa wakimbizi, wengi Wasomali, baadhi yao waliopitia kambi za Kenya. Mwaka 2014 walifungwa fainali na Cheverus, shule ya Wajesuiti ya Portland. Mwaka 2015 wakarudi na kuifunga Scarborough 1–0, wakawa mabingwa wa daraja la juu. Nafurahi nao. Lakini kijana wangu hapaswi kuwa shujaa wa kusimuliwa ili apewe mechi ya haki.

Sitaki tutenganishwe. Vijana wetu wana haki ya kupimana na walio bora, na siku ya ushindi isiwepo alama ya shaka pembeni ya jina lao. Nataka mambo matatu, na usiku huu nayaweka kwenye barua kwa mkuu wa shule. Kwanza, hesabu ya wachezaji wa nje ibaki, na takwimu zake zitangazwe shule kwa shule. Pili, kupandishwa daraja kuzingatie pia uwezo wa wilaya, ili shule ya serikali yenye mali isijifiche nyuma ya neno serikali. Tatu, basi na dereva wa mechi za mtoano wawe jukumu la wilaya, wapangwe kabla msimu haujaanza.

Sheria za OHSAA hubadilishwa kwa kura za wakuu wa shule, kila shule kura moja. Mimi mzazi sina kura. Ninachoweza ni kumwuliza mkuu wetu, mbele ya wazazi wenzangu, yake ataipigaje.